Jina kwenye leseni halilingani na kitambulisho: namna ya kulirekebisha ukiwa Malindi au Lamu

Leseni ya udereva haina habari yake yenyewe. Jina, tarehe ya kuzaliwa na nambari ya kitambulisho unazoziona juu ya kadi zimevutwa kutoka kwenye rejista ya taifa ya watu, ile ile inayotoa kitambulisho. Kwa hivyo anayekwenda moja kwa moja kwenye dawati la NTSA, mamlaka inayotoa leseni, na kusema "jina langu limekosewa, nirekebishieni" mara nyingi hurudi nyumbani mikono mitupu. Hakuna aliyemnyima, ni kwamba karani hana mahali pa kuliandika jina jipya. Kichwa ni kitambulisho, leseni ni mkia. Ukikigeuza kichwa, mkia utafuata. Ukiuvuta mkia, unapoteza nauli.

Mpango mzima basi ni huu, na usiupindue: kwanza kitambulisho, kisha akaunti ya eCitizen (mtandao wa huduma za serikali) na PIN ya KRA (nambari yako ya mlipa kodi), mwisho leseni.

Kwanza jua kosa liko wapi

Weka vitu vinne mezani: kitambulisho, leseni, cheti cha kuzaliwa, na simu yenye akaunti yako ya eCitizen ikiwa imefunguliwa kwenye ukurasa wa maelezo yako binafsi. Soma jina herufi kwa herufi, si kwa kulitupia jicho. Pwani makosa mengi yako kwenye herufi moja au mbili: Mohamed, Mohammed na Muhammad, Athman na Athuman, Khadija na Hadija, Omar na Omari. Masikioni ni mtu mmoja, kwenye kompyuta ni watu wawili. Kwa upande wa Wamijikenda tatizo huwa jingine, jina la ubatizo kuwa la kwanza kwenye cheti kimoja na kukosekana kabisa kwenye kingine, au jina la babu na la baba kubadilishana nafasi.

Ukishalinganisha utajikuta kwenye mojawapo ya hali hizi.

Kitambulisho kiko sawa, eCitizen iko sawa, leseni peke yake ndiyo yenye kosa. Hii ndiyo hali nyepesi, na huwapata sana wenye leseni za siku za TIMS, mtandao wa zamani wa NTSA. Kabla huduma za NTSA hazijahamia eCitizen mwaka 2023, akaunti ya TIMS ilifunguliwa kwa PIN ya KRA, na jina lililokosewa kwenye PIN liliingia na kukaa. Ukiomba kadi mpya kupitia eCitizen, jina hutoka kwenye rejista ya taifa, na kosa la zamani huachwa nyuma. Ruka hadi sehemu ya kuomba kadi.

Kitambulisho chenyewe kimekosewa, au umebadilisha jina kwa ndoa, talaka, kusilimu au kubatizwa. Hapa kazi yote iko kwenye kitambulisho. Soma sehemu inayofuata kwa makini.

Kilichobadilika ni simu, barua pepe au sanduku la posta tu. Hiyo ni kazi ya dakika chache kwenye ukurasa wa maelezo yako ndani ya eCitizen. Tazama kadi yako: kama kitu ulichobadilisha hakikuchapishwa juu yake, huhitaji kadi mpya na hupaswi kumlipa mtu yeyote. Aliyehama Malindi kwenda Lamu atabadilisha msimbo wa posta kutoka 80200 kuwa 80500. Wa Watamu ni 80202.

Na kuna jambo ambalo watu hulichanganya na marekebisho: kuongeza daraja, yaani aina ya chombo unachoruhusiwa kuendesha. Mwenye leseni ya gari dogo anayetaka kubeba abiria kwa bodaboda au tuktuk anahitaji daraja A3, na hilo hupatikana kwa mafunzo na mtihani. Si kosa la kurekebishwa. Atakayekuambia anaweza "kuliongeza kwenye mtandao" anakuuzia matatizo, maana kuendesha gari lisilo la daraja lako kuna faini ya papo hapo ya KSh 7,000.

Kitambulisho: hapa ndipo penye kazi

Maombi ya kubadilisha maelezo hupelekwa ofisi ya usajili wa watu ya kaunti ndogo, au dawati lao ndani ya Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali. Nambari yako ya kitambulisho haibadiliki. Kinachobadilika ni maelezo yaliyo chini yake. Beba kitambulisho cha sasa, cheti cha kuzaliwa, na karatasi inayothibitisha sababu ya badiliko. Karatasi hiyo ndiyo inayowakwamisha wengi, kwa hivyo tuieleze moja moja.

Kosa la herufi. Cheti cha kuzaliwa ndicho shahidi wako mkuu. Kama cheti kinasema Athman na kitambulisho kinasema Athuman, na unataka Athman, kesi yako ni fupi. Kama cheti chenyewe ndicho chenye kosa, utaanza kwa msajili wa vizazi na vifo, hakuna njia ya mkato. Pima kabla ya kuchagua ni tahajia gani uifuate. Kama vyeti vya shule, pasipoti na hati ya shamba vyote vina tahajia moja na kitambulisho peke yake kina nyingine, badilisha kitambulisho. Lakini kama kitambulisho kinalingana na kila kitu isipokuwa cheti cha kidato cha nne, usikiguse. Utatengeneza kimoja na kuvunja sita.

Ndoa. Sheria ya Kenya haimlazimishi mke kuchukua jina la mume, na wanawake wengi wa Kiislamu pwani hubaki na jina la baba maisha yao yote. Kwa hao hakuna cha kubadilisha. Anayetaka kubadilisha atahitaji cheti cha ndoa kilichosajiliwa. Karatasi ya nikaha aliyoandika sheikh wa mtaa na kuihifadhi kwenye daftari la msikiti haitoshi mpaka ndoa iwe imesajiliwa kisheria; mahakama za Kadhi ziko Malindi na ziko Lamu, na hapo ndipo pa kuuliza. Mwenye kurudi kwenye jina la baba baada ya talaka hufuata njia hiyo hiyo, kwa cheti cha talaka au hukumu ya mahakama. Talaka ya mdomo, hata ikiwa imetimia kidini, haisomeki na karani.

Kusilimu, kubatizwa, au kutaka jina jipya tu. Cheti cha kusilimu peke yake usikitegemee. Unahitaji hati ya kubadili jina, ambayo huandaliwa na wakili, hutiwa saini, husajiliwa kwa msajili wa hati, kisha tangazo huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, linalotoka kila Ijumaa. Wa pwani hawalazimiki kufika Nairobi, kwani usajili hufanyika Mombasa. Muulize wakili mapema kama bei aliyokutajia imejumuisha ada ya usajili na ya tangazo, au ni malipo ya kazi yake peke yake. Ukishapata gazeti, piga nakala kadhaa za ukurasa wenye tangazo lako. Benki, KRA na shule watautaka ukurasa huo huo, na kuutafuta baada ya miaka mitatu ni adhabu.

Tarehe ya kuzaliwa. Hii huangaliwa kwa jicho kali kuliko jina, kwa sababu umri hugusa mambo mengine mengi, kuanzia ajira hadi kustaafu. Bila cheti cha kuzaliwa kilichotolewa zamani, jitayarishe kuulizwa karatasi za kliniki, za shule au za ubatizo. Cheti kilichokatwa mwezi uliopita kwa ajili ya maombi haya huzua maswali mengi zaidi ya kinayoyajibu.

Pale ambapo majina mawili yametumika kwa muda mrefu, hati ya kiapo inayosema kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja husaidia. Huapwa mbele ya wakili mwenye mamlaka ya kuapisha, na mjini Malindi ofisi zao ziko karibu na mahakama. Jihadhari na jambo moja: hati ya kiapo hueleza tofauti, haiifuti. Usiinunue ukidhani umemaliza.

Baada ya kupeleka maombi utapewa karatasi ya kusubiria. Karatasi hiyo si ruhusa ya kwenda kuomba leseni. Mpaka rejista ya taifa iwe imebadilishwa, mtandao utaendelea kukuonyesha jina la zamani, na ukiharakia utalipia kadi mpya yenye kosa la zamani. Subiri kitambulisho chenyewe kifike mkononi.

Akaunti ya eCitizen, na nani anaishikilia

Kitambulisho kipya kikishatoka, ingia eCitizen na uangalie kama jina limebadilika kwenye ukurasa wa maelezo yako. Jina hapo huwezi kuliandika mwenyewe, huvutwa. Kama bado ni la zamani, toka, subiri siku chache, ingia tena. Likiendelea kugoma, nenda Huduma Centre na kitambulisho halisi, uwaombe wailinganishe akaunti na rejista.

Lakini kuna watu ambao hawafiki hata hapo, kwa sababu akaunti si yao. Ni yao kwa jina tu. Kijana wa saiba, duka la intaneti, aliifungua mwaka ule, akatia barua pepe yake, akatia nambari yake ya simu "ili mambo yaende haraka", na nywila anaijua yeye. Kila nambari ya uthibitisho inakwenda kwake. Saiba imefungwa, kijana amehamia Mtwapa. Huu ndio mkwamo unaowakuta zaidi madereva wa bodaboda na tuktuk, na tiba yake ni kuudai mlango wako kabla ya lolote. Kama kijana anapatikana, keti naye, ingieni pamoja, badilisheni simu na barua pepe palepale, kisha wewe ubadilishe nywila akiwa ameangalia pembeni. Kama hapatikani, usijaribu kufungua akaunti ya pili. Nambari ya kitambulisho hufungua akaunti moja. Nenda Huduma Centre ukiwa na kitambulisho halisi na simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako, ueleze.

Saiba si adui. Kwa asiye na simu nzuri ni msaada mkubwa. Ila barua pepe iwe yako, laini iwe yako, na ukimaliza uhakikishe umetoka kwenye akaunti kabla ya kuinuka kitini.

PIN ya KRA hurekebishwa kupitia iTax, mtandao wa kodi wa KRA, kwenye sehemu ya kubadilisha maelezo ya PIN. Badiliko la jina halikubaliwi hapo hapo. Ombi hupelekwa kwa afisa, na unaweza kuombwa kuambatisha nakala ya kitambulisho na cheti cha ndoa au hati ya kubadili jina. Kwa leseni yenyewe hili si la dharura kama zamani. Kwa mwenye gari au pikipiki iliyosajiliwa kwa jina lake ni lazima, la sivyo siku ya kuuza atakuwa anauza chombo cha mtu mwingine.

Kuomba kadi

Ndani ya eCitizen fungua huduma za NTSA, kisha sehemu ya leseni za udereva. Mtandao utakuonyesha leseni uliyo nayo na tarehe yake ya mwisho. Kama tarehe hiyo iko karibu, unganisha safari: omba kadi mpya wakati wa kuhuisha badala ya kulipa mara mbili. Kama kadi ya zamani imepotea, pata kwanza ripoti ya polisi ya kupotelewa.

Fomu itakuuliza kundi la damu. Usibahatishe, na usiandike la ndugu yako kwa sababu mmefanana. Kipimo ni matone machache ya damu kwenye maabara ya hospitali, iwe Malindi au King Fahad pale Lamu, na majibu hutoka siku hiyo hiyo. Andika kundi pamoja na alama yake: O chanya na O hasi ni vitu viwili tofauti. Kadi ikishachapishwa na kundi baya, kosa ni lako na gharama ni yako.

Chagua kituo cha kuchukuliwa picha na alama za vidole, na siku ya miadi. Kwa wa Malindi jambo hili ni rahisi. Kwa wa visiwani tafakari kidogo kabla ya kubofya. Anayetoka Faza, Siyu au Pate anajua kwamba chombo kinapita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, maji yakiwa yamejaa, na bahari haimsubiri karani. Tazama bamvua na maji mafu ya wiki hiyo, kisha uchague saa, na usichague saa ya kwanza asubuhi kama hutalala mjini. Ijumaa iepuke, kwa sababu asubuhi yake ni fupi. Siku za Maulidi, mwezi wa Mfunguo Sita, mji wa Lamu hujaa, na kitanda cha kulala huwa ghali kuliko leseni. Wa Mpeketoni, Witu na Hindi walinganishe nauli ya kwenda Lamu, pamoja na boti ya kutoka Mokowe, na ile ya kwenda Malindi. Malindi huweza kufaa kama kuna jambo jingine la kufanya mjini.

Malipo. Ada ya kadi ya kisasa imekuwa KSh 3,050, yaani 3,000 za leseni na 50 za huduma ya mtandao, lakini mwenye neno la mwisho ni ankara iliyo mbele yako. Lipa kwa M-Pesa kupitia paybill 222222, na nambari ya akaunti iwe nambari ya ankara. Au subiri ombi la malipo lijitokeze kwenye simu utie siri yako. Pesa za serikali haziendi kwa nambari ya mtu binafsi, hata akiwa amevaa kitambulisho shingoni. Ukikatwa pesa na ankara ikaendelea kusema haijalipwa, usilipe tena. Weka ujumbe wa M-Pesa, ngoja, fungua ukurasa upya. Chapisha risiti na karatasi ya miadi, nakala mbili. Umeme ukikatika kituoni, karatasi haizimiki.

Siku ya picha na vidole

Beba kitambulisho halisi kipya, leseni ya zamani, risiti, karatasi ya miadi, na hati iliyobadilisha jina. Hiyo ya mwisho huenda usiulizwe. Ukiulizwa ukawa huna, umerudi kisiwani Kizingitini bure.

Hina na piko. Mashine husoma mistari ya ncha za vidole, na piko iliyokolea huziba mistari hiyo machoni pa kamera. Bi harusi, na waliomsindikiza, wapange miadi kabla ya harusi au wasubiri ncha zifubae. Kupamba kiganja na mgongo wa mkono hakuna shida, mradi ncha ziachwe.

Vidole vilivyosagika ni tatizo la wavuvi, waashi wa chokaa, wachonga mawe na wasuka makuti. Mistari huwa imelika, na mashine inakataa kidole baada ya kidole. Siku mbili tatu kabla, pumzisha mikono na ipake mafuta ya nazi usiku. Asubuhi ya miadi osha kwa sabuni mafuta yatoke kabisa, kausha. Mashine ikikataa, pumulia kidole kipate unyevu kidogo, kisha bonyeza kwa utulivu bila kukandamiza. Ukikandamiza mistari hubanana ikawa doa.

Picha: uso wote uonekane, kutoka kidevu hadi paji la uso. Mtandio usishuke kwenye nyusi, na usiwe na kivuli mashavuni. Anayevaa nikabu ataiteremsha kwa muda wa picha. Kama anataka karani mwanamke, aombe mapema, kabla ya kufika mbele ya foleni. Saini iwe ile unayotia benki. Watu hutia saini ya haraka kwenye kile kioo kidogo, halafu hushangaa kuiona kwenye kadi imekuwa mnyoo.

Kabla karani hajatuma, omba kuiona skrini. Soma jina lote, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya kitambulisho, kundi la damu na madaraja. Huo ndio wakati wa bei rahisi kuliko wote wa kusema "hapana, hapo pamekosewa". Usione haya, na usikubali kuharakishwa kwa sababu foleni ni ndefu.

Wakati unasubiri kadi, na baada ya kuipata

Utapata ujumbe kwenye simu kadi ikifika kituo ulichochagua. Hadi hapo endelea kubeba kadi ya zamani kama haijaisha muda, pamoja na risiti na nakala ya kitambulisho kipya. Kwenye vizuizi vya barabara ya Garsen hadi Lamu askari husoma kadi na kitambulisho pamoja, na majina mawili tofauti bila karatasi ya kueleza ni mwanzo wa mazungumzo marefu. Kukosa kuonyesha leseni ukiulizwa kuna faini ya KSh 1,000, na kutohuisha leseni ni KSh 1,000 vilevile. Kwa hivyo usiiache ife kwa kisingizio kwamba unasubiri jina jipya. Ihuishe hivyo hivyo kama kitambulisho kinachelewa.

Kadi ikitoka, isome ukiwa bado dirishani. Kisha peleka nakala kwa kampuni ya bima ya chombo chako na uombe jina libadilishwe kwenye sera. Jina la leseni na jina la sera zikitofautiana siku ya ajali, umewapa sababu ya kuchelewesha malipo. Mwenye beji ya PSV, ile ya kubeba abiria, aioanishe na leseni mpya kabla ya kurudi barabarani, na cheti cha tabia njema kama kina jina la zamani kiombwe upya. Dereva wa sacco ampelekee katibu nakala pia, na anayeendesha gari la mwajiri ahakikishe faili lake ofisini limebadilishwa siku hiyo hiyo.